Bamba Lipi, Mstari wa Ngapi? Kupima Tafsiri Mpya za Hadithi za Uumbaji

Kati ya madai yote yanayozunguka kuhusu hadithi za kale za uumbaji, lililoenea zaidi ni kwamba Wasumeri waliandika waziwazi kuwa binadamu alitengenezwa na wageni kutoka sayari nyingine, Anunnaki, ili awachimbie dhahabu. Watu wengi hulipata kwenye video fupi yenye picha za mabamba ya udongo na msimulizi ambaye hataji hata bamba moja kwa namba yake. Anayelikataa hulikataa kwa sababu linagusa imani yake. Anayelikubali hulikubali kwa sababu amechoka kuambiwa asiulize. Wote wawili hawajalisoma bamba lenyewe, na hapo ndipo mjadala unapoharibika.

Ukikaa na maandishi haya muda mrefu unajifunza kutanguliza swali moja kabla ya mengine yote: limeandikwa wapi? Unataka kujua bamba lipi, nakala ipi, lugha ipi, mstari wa ngapi. Tafsiri mpya nyingi hazihitaji kupingwa kwa hoja za dini wala za sayansi, kwa kuwa huishia palepale kwenye mstari unaodaiwa kuzibeba. Zile chache zinazosalimika baada ya swali hilo ndizo zinazostahili muda wa msomaji, na nyingine kati ya hizo zinashangaza kuliko chombo chochote cha angani.

Tuanze na shairi la Atrahasis, kisa cha Babeli cha uumbaji na gharika, kwa kuwa ndilo nguzo ya dai la Anunnaki. Nakala yake iliyo kamili zaidi ilinakiliwa enzi za mfalme Ammi-saduqa wa Babeli, anayewekwa kati ya 1646 na 1626 KK katika hesabu ya tarehe inayotumiwa na wataalamu wengi. Ina mabamba matatu, na mwandishi alihesabu mistari ya kila moja: 416, 439 na 390, jumla 1,245. Lugha yake ni Kiakadi, lugha ya Wababeli na Waashuru, si Kisumeri. Kwa hiyo anayesema "Wasumeri waliandika" huku akinukuu Atrahasis ameshateleza kabla ya kufika kwenye hoja yenyewe. Kosa hilohilo hufanywa juu ya Enuma Elish, shairi jingine la uumbaji la Babeli, ambalo nalo ni la Kiakadi na nakala zake karibu zote ni za milenia ya kwanza KK, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Kisumeri kuacha kuwa lugha ya nyumbani na kubaki lugha ya shule na hekalu.

Shairi linasema nini? Linaanza wakati miungu ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi za sulubu. Anunnaki saba wakuu wanawatumikisha miungu wadogo, Igigi, na kazi yenyewe imetajwa kwa jina: kuchimba mito na mifereji, Hidekeli na Frati zikiwemo. Igigi wanachoka. Wanachoma majembe na vikapu vyao vya kubebea udongo, kisha wanaizingira usiku nyumba ya Enlil, mkuu wa miungu. Baraza linaitwa. Enki, mungu wa hekima, anatoa ushauri kwamba aumbwe mtu abebe kapu badala ya miungu. Mungu mmoja, We-ilu, anayeelezwa kuwa mwenye akili, anachinjwa, na nyama na damu yake vinachanganywa na udongo. Miungu wanautemea mate udongo ule. Mungu mke wa uzazi anaukata vipande 14, anaweka 7 kulia na 7 kushoto, na katikati tofali.

Angalia kazi aliyoumbiwa mtu. Ni kapu na mfereji. Katika kazi anayopewa binadamu kwenye shairi hili, dhahabu haitajwi. Iliingizwa na Zecharia Sitchin, mwandishi aliyeeneza nadharia ya wageni wa anga, katika kitabu chake cha mwaka 1976, kwa kuichukulia Abzu, makao ya Enki, kuwa eneo la migodi kusini mwa Afrika. Katika maandishi yenyewe Abzu ni maji matamu yaliyo chini ya ardhi, na ndilo jina lililomo katika jina la hekalu la Enki kule Eridu, kusini mwa Iraki ya leo. Mtu aliyeishi kwenye bonde lile, ambako mfereji usiposafishwa hujaa tope na shamba hufa, hakuwa na haja ya dhahabu ili aelewe kwa nini hata mungu angegoma.

Baada ya kupata mstari, hatua inayofuata ni kutazama hali yake. Mabamba yamevunjika, na matoleo ya kitaalamu huonyesha uvunjikaji huo kwa alama ambazo msomaji wa kawaida huziruka. Mabano ya mraba yana maana kwamba maneno yaliyo ndani hayapo kwenye bamba, mhariri ameyajazia. Nusu mabano humaanisha alama zinaonekana kwa sehemu. Nukta tatu humaanisha hakuna kinachosomeka. Herufi za mlazo kwenye tafsiri mara nyingi huashiria kwamba mfasiri mwenyewe anasitasita. Kujazia si udanganyifu: mashairi haya hurudia mistari neno kwa neno, kwa hiyo pengo la mstari wa 40 linaweza kujazwa kwa uhakika kutoka mstari wa 120. Lakini tafsiri ikishatoka kwenye toleo la kitaalamu na kuingia kwenye kitabu cha mtaani, mabano huwa ya kwanza kutupwa, na dhana ya mhariri hugeuka neno la Msumeri. Dai lote likiwa limesimama juu ya neno lililomo ndani ya mabano, halina mguu.

Mwaka wa tafsiri nao uangaliwe. George Smith wa British Museum alitangaza hadithi ya gharika ya Babeli tarehe 3 Desemba 1872, na mwaka 1876 akachapisha visa vya uumbaji alivyokuwa ameunganisha kutoka vipande vya Ninawi. Kwa wakati wake ilikuwa kazi ya ajabu. Lakini alikuwa na vipande vichache na kamusi changa, na alikisia pale ambapo leo hakuna haja ya kukisia. Kazi hiyo haina hakimiliki tena, kwa hiyo ndiyo inayonakiliwa bure na kuenezwa kuliko zote. Kamusi ya Kiashuru ya Chuo Kikuu cha Chicago, iliyoanza kuchapishwa 1956 na kukamilika 2011, inapatikana bure pia, na kila neno limewekewa sentensi ambamo limetumika. Anayedai neno fulani la Kiakadi lina maana ya roketi ana deni la kuonyesha sentensi mojawapo.

Sasa hesabu, maana ndiko wengi wanakotekwa. Orodha ya Wafalme wa Sumeri, ambayo nakala yake mashuhuri ni kipande cha udongo chenye pande nne kiitwacho mche wa Weld-Blundell, kilichoko makumbusho ya Ashmolean, Oxford, inasema kabla ya gharika wafalme 8 katika miji 5 walitawala miaka 241,200. Alulim wa Eridu peke yake alitawala miaka 28,800, na aliyemfuata 36,000. Ukizigawanya namba hizo kwa 3,600 utapata 67, 8 na 10, bila baki. Hesabu zao zilikuwa za misingi ya 60, na 3,600 ni 60 mara 60, namba ya duara iliyo kubwa, kama elfu ilivyo kwetu. Namba zinazogawanyika bila baki namna hii zimepangwa na mtunzi. Kumbukumbu za tawala halisi zingekuwa na 17 hapa na 23 pale, kama zinavyokuwa katika sehemu za mwisho za orodha hiyohiyo, kwa wafalme ambao kuwepo kwao kunathibitishwa na maandishi mengine.

Ni kutoka namba hiyo ya 3,600 ndiko Sitchin alikopata mzunguko wa sayari yake Nibiru, kwamba huzunguka jua mara moja kila miaka 3,600. Dai hili mtu anaweza kulipima mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Kanuni ya tatu ya Kepler inasema kipeo cha pili cha mwaka wa sayari ni sawa na kipeo cha tatu cha umbali wake wa wastani kutoka kwa jua, umbali wa dunia ukichukuliwa kuwa 1. Zidisha 3,600 kwa 3,600, upate 12,960,000. Tafuta kipeuo chake cha tatu, upate karibu 235. Kwa hiyo umbali wa wastani wa sayari hiyo ni mara 235 ya umbali wetu. Joto linaloletwa na jua hupungua kwa kipeuo cha pili cha umbali: nyuzi 278 za Kelvini hapa, gawanya kwa 15.3, ambacho ni kipeuo cha pili cha 235, zinabaki karibu 18, yaani nyuzi 255 chini ya sifuri ya Selsiasi. Huo ndio wastani. Karibu na jua ingekuwa na muda mfupi tu wa joto katika kila mzunguko. Huhitaji kujua Kiakadi ili uone shida ya kuweka watu wa nyama na damu huko. Nibiru ya maandishi yenyewe ni nyota ya Marduk, mungu mkuu wa Babeli, na katika matini za elimu ya nyota ya Babeli huambatanishwa mara nyingi na Mshtarii na mara nyingine na Utaridi. Hakuna bamba linalosema Anunnaki walitoka huko.

Picha zina mtego wake. Muhuri wa kale wa Mesopotamia ulioandikishwa VA 243, ulioko Berlin, unaonyesha mungu aliyeketi, watu wawili mbele yake, na pembeni juu nyota iliyozungukwa na vidoti 11. Umeenezwa kama ramani ya jua na sayari zake, ile ya ziada ikiwemo. Kabla ya kuhesabu vidoti, soma maandishi ya muhuri huohuo: yana majina ya watu wawili, Dubsiga na Ili-illat, pamoja na neno la mtumishi. Hakuna habari ya nyota wala anga. Kisha linganisha alama ya katikati na alama ya mungu jua kwenye mihuri na mawe mengine ya enzi zilezile: jua huchorwa kama duara lenye ncha nne na mawimbi ya miali katikati yake, na kwenye VA 243 mawimbi hayo hayapo. Mwisho, tazama orodha ya sayari walizozitaja wenyewe. Wababeli walijua 5: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kuna maelfu ya matini za nyota na bishara, na hakuna hata moja inayoongeza ya sita. Picha moja haiwezi kushinda maktaba nzima.

Jambo linalosikitisha zaidi katika kelele hizi ni kwamba zinafunika matini za Kisumeri zenyewe, ambazo kwa kweli zina mengi. Katika ule unaoitwa Wimbo wa Jembe, Enlil anapasua ardhi na watu wanachipua kutoka udongoni kama mimea. Katika Enki na Ninmah, mtu anafinyangwa kwa udongo wa Abzu. Ni njia mbili tofauti za kuelezea asili ya binadamu, katika lugha moja, zikifundishwa katika shule zilezile, na hakuna mwandishi aliyeona haja ya kuzipatanisha. Anayesema hadithi hizi ni taarifa ya tukio moja lililoshuhudiwa aeleze kwanza mashahidi hao walishuhudia lipi.

Enki na Ninmah ina sehemu ya pili ambayo hunukuliwa kama ushahidi wa majaribio ya kijenetiki yaliyoharibika. Miungu hao wawili wanakunywa pombe kwenye karamu, na Ninmah, mungu mke wa uzazi, anaanza kushindana: ataumba watu wenye kasoro, Enki awatafutie nafasi. Anaumba mtu ambaye mikono yake haikunjiki. Enki anamfanya mtumishi wa mfalme. Anaumba kipofu, Enki anampa sanaa ya uimbaji na kumweka mbele ya mfalme. Mwanamke asiyezaa naye anapewa mahali. Kila mmoja anapata kazi na mkate wake. Ukilisoma shairi kwa ukamilifu, linajibu swali la jamii: watu hawa wametoka wapi, na nani anawajibika kuwalisha? Kuligeuza kuwa ripoti ya maabara ni kulinyang'anya jambo lake zuri kuliko yote.

Kuna tafsiri mbadala zilizosimama, na ni vizuri kuona zilisimama kwa nini. Mfano bora wa miaka ya karibuni ni safina ya duara. Mwaka 2014 Irving Finkel wa British Museum alichapisha bamba dogo la mistari 60, la karibu 1750 KK, ambamo Enki anamwagiza Atrahasis, shujaa wa gharika, ajenge chombo cha mviringo cha kamba zilizosokotwa na kupakwa lami, chenye eneo la iku moja na kuta za nindani moja. Nindani moja ni karibu mita 6. Iku ni nindani 10 kwa 10, karibu mita za mraba 3,600. Duara la eneo hilo lina kipenyo cha karibu mita 68. Sasa fungua bamba la 11 la utenzi wa Gilgamesh, wenye kisa hichohicho cha gharika, lililoandikwa baadaye sana. Chombo cha humo kina eneo la iku moja vilevile, lakini kina pembe nne, mikono 120 kila upande, na kimo cha mikono 120: kasha la mchemraba ambalo hakuna fundi angelishusha majini kwa hiari. Eneo limebaki lilelile na umbo limebadilika. Katika Mwanzo sura ya 6, safina ni mikono 300 kwa 50, eneo la mikono ya mraba 15,000. Ile ya Gilgamesh ni 120 kwa 120, yaani 14,400, karibu sawa. Tafsiri ya duara ilikuja na namba ya mstari, na vipimo vyake vikakubaliana na matini za baadaye. Zaidi ya hayo ilieleza kwa nini zile nyingine ziko kama zilivyo. Wenye tafsiri mpya wajipime hapo.

Ya pili ni usomaji wa kisiasa wa Enuma Elish. Shairi lina mabamba 7, na lilisomwa mbele ya Marduk siku ya nne ya sikukuu ya mwaka mpya huko Babeli. Uumbaji wa binadamu kwa damu ya Qingu, mungu aliyeshindwa na Marduk, unachukua mistari michache ya bamba la 6. Karibu bamba zima la 7 ni majina 50 ya Marduk. Uzito uko huko: shairi linaeleza kwa nini mungu wa mji uliokuwa mdogo zamani anastahili kiti cha Enlil. Ushahidi mzuri umetoka kwa maadui wa Babeli. Kwenye nakala za Ashuru jina la Marduk limeondolewa na kuwekwa la mungu wa Ashuru. Waandishi hao walilielewa shairi kuwa dai la mamlaka, nao wakalirekebisha lidai mamlaka kwa ajili yao.

Ya tatu ni usomaji wa uzazi, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo inayoeleza bamba la kwanza la Atrahasis kuliko nyingine. Rudi kwenye vile vipande 14 na tofali lake. Baada ya hapo shairi linahesabu miezi, mwezi wa kumi unafika, mungu mke anavaa mshipi, anabariki, anafungua tumbo, halafu anaagiza tofali likae siku 9 katika nyumba ya mwanamke anayejifungua na mkunga afurahi humo. Hayo ni maagizo ya mkunga yaliyowekwa ndani ya kisa cha mtu wa kwanza, ili kila mzazi anayejifungua awe anarudia kazi ya mungu mke. Na tofali la uzazi ni kitu halisi. Mwaka 2001 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipata moja huko Abydos, Misri, la karibu 1700 KK, limechorwa mama akiwa na mtoto mchanga. Misri si Babeli, kwa hiyo halithibitishi shairi, ila linaonyesha kwamba wanawake wa zama zile walijifungulia juu ya matofali na waliyaona matofali hayo kuwa na nguvu.

Hadithi za mdomo zinahitaji kipimo kingine, kwa kuwa hazina mstari wa kuurudia. Waulize waliozikusanya: nani alisimulia, mwaka gani, kwa lugha gani, mkalimani alikuwa nani, wasimulizi walikuwa wangapi? Kisa cha Wadogoni wa Mali na nyota Sirius kinafundisha vizuri. Mwaka 1950 wanaanthropolojia Wafaransa Marcel Griaule na Germaine Dieterlen waliandika kwamba wazee wa Kidogoni wanajua Sirius ina mwenzi mdogo mzito asiyeonekana kwa macho. Mwaka 1976 mwandishi Robert Temple akakifanya ushahidi wa wageni wa anga. Lakini mwenzi huyo alikuwa amekisiwa na mwanafalaki Bessel mwaka 1844 na kuonekana kwa darubini mwaka 1862, muda mrefu kabla ya Griaule kufika Mali katika miaka ya 1930. Habari zake zilikuwa tayari duniani. Griaule alitegemea wasimulizi wachache na wakalimani. Mazungumzo yake mashuhuri na mzee Ogotemmêli yalichukua siku 33 mwaka 1946. Mwanaanthropolojia Walter van Beek alipochapisha matokeo ya kazi yake miongoni mwa Wadogoni mwaka 1991, baada ya miaka ya kukaa nao, hakupata watu wanaoijua Sirius kuwa nyota mbili, na wale waliojua majina ya Griaule hawakukubaliana ni nyota ipi inayotajwa.

Tahadhari hiyo ihusu pia hadithi tunazozipenda. Kisa cha Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi wa Buganda, ambamo Nambi anarudi kuchukua ulezi wa kuku na Walumbe, yaani Mauti, anawafuata duniani, kilitiwa kwenye maandishi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Uislamu ulikuwa umeshafika kwenye jumba la Kabaka tangu katikati ya karne ya 19 na wamisionari tangu 1877. Anayesema kisa hiki na cha Hawa vina chanzo kimoja cha kale hana budi kuonyesha kwamba mfanano ule ulikuwepo kabla ya hapo. Hilo haliondoi uzito wa Kintu. Linazuia tu asitumiwe kama shahidi wa jambo ambalo hakuliona.

Na mfanano wenyewe usitishe watu. Udongo unatokea Babeli, Misri kwa Khnum mfinyanzi, katika Mwanzo na katika Kurani, na wengi huhitimisha kuwa lazima kulikuwa na tukio moja. Fikiria kwanza mambo ambayo kila jamii inayofinyanga na kuzika huyaona kwa macho: udongo hushika umbo la mkono, na maiti hurudi kuwa udongo. Halafu tazama Popol Vuh, kitabu cha uumbaji cha Wak'iche' wa Guatemala, iliyonakiliwa na padri Francisco Ximénez mwanzoni mwa karne ya 18. Humo miungu walijaribu tope kwanza, na mtu wa tope akalowa akabomoka. Wakajaribu mbao, watu wa mbao hawakuwa na akili wala kumbukumbu, wakaangamizwa. Mtu aliyefaa alitokana na mahindi. Watetezi wa tukio moja humnukuu mtu wa tope na kumwacha wa mahindi.

Upande wa biolojia unahitaji ukali uleule. Dai la kawaida ni kromosomu namba 2: binadamu ana kromosomu 46 na sokwe 48, na yetu ya pili imetokana na mbili zilizoungana, eti kwa mkono wa mhandisi. Muungano upo kweli. Mwaka 1991 watafiti walionyesha mahali pake: mfuatano unaopatikana kwenye ncha za kromosomu uko katikati, ukiwa umekutana uso kwa uso, na kuna mabaki ya kitovu cha pili (sentromia), ilhali kromosomu ya kawaida huwa na kimoja tu. Sasa pima tarehe. Jenomu ya Mdenisova, mmoja wa jamii ya binadamu wa kale waliotoweka, wa milima ya Altai, iliyosomwa kwa ukamilifu na kuchapishwa mwaka 2012, ina muungano huohuo. Ukoo wake ulitengana na wetu zaidi ya miaka 500,000 iliyopita, ilhali Sitchin aliweka uumbaji wa maabara karibu miaka 300,000 iliyopita. Muungano ulitangulia mhandisi.

Dai la jeni 223 za kigeni nalo lina historia fupi. Ripoti ya kwanza ya jenomu ya binadamu, Februari 2001, ilitaja jeni 223 zinazofanana na za bakteria na zisizoonekana kwa viumbe wengine wasio na uti wa mgongo waliokuwa wamepimwa wakati huo. Miezi michache baadaye uchambuzi wa wataalamu wengine ulizipunguza hadi karibu 40, kwa kuongeza viumbe wa kulinganishwa, na kueleza kuwa zilizobaki zinaweza kutokana na jeni kupotea kwa viumbe wengine. Video bado zinataja 223.

Mifupa ya Jebel Irhoud, Moroko, iliyotangazwa mwaka 2017 kuwa ya karibu miaka 300,000, hupokewa na wafuasi wa nadharia hii kwa furaha kwa sababu ya tarehe yake. Watazame mafuvu yenyewe: uso unakaribia wetu, lakini kisogo ni kirefu na kimelala, hakijawa mviringo kama chetu. Omo Kibish, Ethiopia, ambako fuvu lililopewa miaka 195,000 lilisogezwa mwaka 2022 hadi si chini ya 233,000, kuna umbo lililosogea zaidi kutufikia. Mabadiliko yaliingia kipande kwa kipande, katika sehemu mbalimbali za Afrika, kwa muda mrefu.

Sheria ya mabano iwaguse wataalamu pia. Mwisho wa Atrahasis, baada ya gharika, Enki na mungu mke wanaweka mipaka kwa watu ili wasizidi: wawepo wanawake wasiozaa, awepo pepo Pashittu wa kunyakua watoto wachanga, wawepo makuhani wa kike wasioruhusiwa kuzaa. Kabla ya hayo kuna mstari uliovunjika. W. G. Lambert, aliyetoa toleo la 1969 pamoja na A. R. Millard, baadaye alipendekeza ujazwe kwa neno la mauti, kwamba hapo ndipo kifo cha uzee kilipowekwa rasmi, watu wa mwanzo wakiwa hawana ukomo. Pendekezo linaeleza mengi, na vitabu vingi hulieleza kama jambo lililoandikwa. Neno lenyewe limo ndani ya mabano ya mraba. Mpaka nakala nyingine ya bamba la tatu itakapopatikana ikiwa nzima mahali hapo, anayelinukuu anukuu pamoja na mabano yake.